Mrija wa kongosho wa mzee wangu umetanuka milimita 7, nyumba nzima haina usingizi

Mjukuu wa Buguruni

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni.

Naandika nikiwa kibarazani maana ndani kuna kikao. Mzee wangu ana miaka 61, fundi magari aliyeacha kazi. Kama miaka minne sasa analalamika maumivu chini ya chembe ya moyo, yanapenya mpaka mgongoni. Akikaa ameinama mbele, viwiko juu ya magoti, anapata nafuu. Tumetibu vidonda vya tumbo mpaka dawa nazijua kwa rangi za vidonge. Miaka mitatu iliyopita akaambiwa ana kisukari. Mwaka huu suruali zinamvuka, mkanda ametoboa matundu mawili mapya kwa msumari.

Alhamisi tukaenda kupiga altrasaundi mahali fulani, jina naliacha. Mpigaji alikuwa mkimya. Akazungusha kile kifaa palepale mara nyingi, akapaka jeli upya, akarudi palepale. Baada ya saa nzima tukakabidhiwa bahasha. Nikauliza maana yake nini, dada wa mapokezi akajibu "mpelekeeni daktari aliyewatuma". Aliyetutuma yuko likizo.

Ripoti ni Kiingereza kitupu. Kwa kutafsiri kwangu inasema: mrija mkuu wa kongosho umetanuka, milimita 7. Kongosho halikuonekana lote kwa sababu ya gesi. Afanyiwe CT skani.

Mdogo wangu akaingia mtandaoni. Dakika kumi nyingi, akaanza kulia, kila anapobonyeza anakuta kansa. Shangazi ameshasema mzee apelekwe kijijini akaage watu. Mama haongei kabisa, anaosha vyombo vilivyo safi.

Naomba kueleweshwa. Hii ni kansa moja kwa moja? Milimita 7 ni kitu gani? Na hiyo CT ni ya wiki hii au tunaweza kujipanga mpaka mwisho wa mwezi?

---

Kipara wa Sinza

Pole sana mkuu. Ngoja waje wajuzi, nimevuta kigoda hapa.

---

Shina la Mti

Mkuu njoo faragha haraka. Kongosho limejaa sumu hilo. Kuna dozi ya siku 21 inasafisha mrija wote, mzee anarudi kijana. Hospitali watamkata bure.

---

Fundi Picha

Mjukuu, pole. Kwanza nijitambulishe: mimi si daktari. Kazi yangu ni kupiga picha, kile kifaa cha altrasaundi nimekishika miaka 14 hapa mjini, kwa hiyo yachukue maneno yangu kama ya kaka mtaani anayejua kidogo.

Na kwa niaba ya yule mkimya naomba radhi. Tunakatazwa kutamka majibu chumbani. Ila akirudia mahali pamoja mara tatu ujue kazi anaifanya, anapambana na gesi.

Kongosho limelala nyuma ya tumbo la chakula, urefu kama sentimita 15. Kichwa kiko kulia, kimekumbatiwa na utumbo mdogo pale unapoanzia, na mkia unaenda kushoto kuisogelea bandama. Katikati yake, toka mkiani mpaka kichwani, unapita mrija mmoja mkuu unaokusanya maji ya kusaga chakula. Ni kama lita moja na nusu kwa siku. Karibu na mwisho unakutana na mrija wa nyongo, na kwa watu wengi yote miwili inamwaga utumboni kupitia mlango mmoja mdogo.

Kwa mtu mzima mrija huo ni kama milimita 3 kichwani, 2 katikati, 1 mkiani. Uzee unaongeza kidogo. Kwa hiyo 7 si ya kupuuza, hapo siwezi kukupaka mafuta.

Lakini sikiliza. Wewe ni mtu wa Buguruni, masika unayajua. Maji yakijaa mtaroni mpaka yakaingia sebuleni, huilaumu sebule. Unakunja suruali, unafuata mtaro kuelekea yanakoenda maji, unatafuta kilichokwama: godoro, mchanga, au jirani aliyejenga ukuta juu ya mtaro. Ripoti yako imekwambia sebuleni kuna maji. Kilichokwama haijakitaja, na ndicho mnachokwenda kukitafuta.

Kinaweza kuwa mawe ndani ya mrija. Kinaweza kuwa kovu la kongosho kuwaka moto kwa siku nyingi (kuvimba na kuuma, si kansa), kovu likikauka linavuta na kuubana. Kinaweza kuwa uvimbe kichwani mwa kongosho, au pale mlangoni. Na wapo ambao hakuna kilichokwama, ila ukuta wa mrija wenyewe unatoa ute mzito kama wa bamia mpaka mrija unavimba. Huo wa ute nao si wa kuchezea, maana una tabia ya kugeuka kansa taratibu. Kwa huo wa ute madaktari wana mipaka yao: mrija ukiwa milimita 5 hadi 9 ni wa kutiliwa shaka na kuchunguzwa zaidi, ukifika 10 wanazungumzia upasuaji kwa mgonjwa anayeuhimili.

Halafu usiruke ile sentensi ya gesi. Altrasaundi haipenyi gesi. "Halikuonekana lote" maana yake huenda kipande kisichoonekana ndicho chenye jibu. Kwa hiyo CT iwe wiki hii ikiwezekana.

Sasa nijibu: macho yake ni ya njano? Mkojo umekuwa kama chai ya rangi? Choo kimekuwa cheupe kama udongo wa mfinyanzi? Anajikuna mwili mzima? Anavuta sigara, anakunywa? Na choo chake kinaelea, kina mafuta?

---

Mjukuu wa Buguruni

Fundi Picha Mungu akubariki, nimemsomea mama aya ya mtaro, ameacha vyombo.

Macho meupe. Mkojo kawaida. Hajikuni. Sigara pakiti kwa siku tangu ujana. Pombe anasema "zamani", na mama akisikia hilo neno anaangalia pembeni.

Hilo la choo limenishinda. Choo chetu ni cha shimo mkuu. Nani anaangalia?

---

Sista wa Zamu

Mjukuu, umegusa kitu ambacho vitabu vyetu havikiandiki. Vinasema "muulize mgonjwa kama choo kinaelea". Vimeandikwa na watu wenye vyoo vya kuvuta maji! Nusu ya wagonjwa wangu wanatoka kwenye vyoo vya shimo, wananiangalia kama nimechanganyikiwa.

Mimi huuliza hivi: harufu imebadilika, yaani mtu akitoka nyumba nzima inajua? Karatasi au maji ya kujisafishia yanabaki na utelezi wa mafuta? Akila nyama ya mafuta au maandazi anaharisha? Kama choo ni cha kumwagia maji, je, inabidi kumwaga ndoo ya pili na ya tatu, na juu ya maji kuna utando unaong'aa kama wa dizeli? Kongosho likishindwa kupeleka maji yake utumboni, mafuta ya chakula hayasagwi, yanatoka kama yalivyoingia. Mtu anakula sahani tatu na anakonda.

Muulize mama yako, si mzee. Wanaume hili hawasemi.

---

Ngedere Mjanja

Si ndiyo ilimuua Steve Jobs hii? Yule mwenye hela zote zile alishindwa, itakuwa sisi wa daladala?

---

Fundi Picha

Ngedere, wa Steve Jobs ulikuwa aina nyingine, unaoanzia kwenye seli za homoni za kongosho. Waligundua 2003, akafariki 2011. Ile ya kawaida, inayoanzia kwenye mrija, hiyo ndiyo kali: hata Marekani, kansa za kongosho zote zikijumlishwa, wanaofikisha miaka mitano ni kama 13 kwa kila 100. Lakini hatujui mzee wa Mjukuu ana nini, kwa hiyo tusimzike.

---

Mama Nasra

Nimesoma nikiwa natetemeka. Nami niseme yangu, si kwa kukutisha mwanangu.

Mjomba wangu, Temeke, miaka 66. Alianza macho kuwa ya njano. Hana homa, hana maumivu, anakula. Kwa sababu hakuna kilichouma, tukasema nyongo tu hiyo. Akapewa majani ya kuchemsha, akapewa juisi ya miwa. Wiki ya tatu akaanza kujikuna usiku mpaka shuka zina damu, choo cheupe. Tulipomfikisha altrasaundi tukaambiwa mirija yote miwili imetanuka, wa nyongo na wa kongosho.

Daktari mmoja kijana akatueleza kwa adabu sana: mmoja ukitanuka peke yake kuna mengi ya kufikiria, ila miwili ikitanuka pamoja, na mtu ni wa njano bila maumivu, fikra ya kwanza ni uvimbe pale inapokutania. Akamgusa chini ya mbavu za kulia, mfuko wa nyongo ukawa unashikika kama embe dogo. CT ikaonyesha uvimbe kichwani mwa kongosho, umeshaushika mshipa mkubwa wa damu. Upasuaji haukuwezekana tena. Wakamwekea kijirija cha kupitishia nyongo, muwasho ukaisha, akalala usingizi wa kwanza baada ya miezi. Tulikaa naye miezi saba.

Ninachokumbuka si kifo. Ni zile wiki tatu za juisi ya miwa.

---

Kipara wa Sinza

Mama Nasra shikamoo. Pole mno. Nimesimama kidogo.

---

Bint Kilwa

Mimi nilete upande wa pili kidogo. Bibi yangu ana miaka 79, yuko Kigamboni. Alipigwa altrasaundi ya figo, wakaona bahati mbaya (au nzuri) mrija wa kongosho milimita 4. Hana dalili yoyote, anapika, anagombana na wajukuu. Tukaogopa kama wewe. Akafanyiwa CT, baadaye MRI ile inayochora mirija peke yake, hakuna uvimbe, hakuna jiwe, mrija umenyooka laini toka mwanzo mpaka mwisho. Daktari akasema kwa umri wake inawezekana ni uzee tu, ila hakutupa cheti cha kusahau. Picha tena baada ya miezi sita, kisha mwaka. Mpaka leo 4 ni 4.

MRI ile kelele zake kama mashine ya kusaga nafaka. Bibi alitoka akasema amesikia ngoma za kwao.

---

Mzee wa Keko

Na minyoo je? Zamani tuliambiwa minyoo mikubwa huingia mpaka kwenye ini.

---

Fundi Picha

Mzee wa Keko shikamoo. Ni kweli kabisa, ule mnyoo wa mviringo mrefu unaweza kupanda ukaingia mrija wa nyongo na hata wa kongosho. Ukiwa hai unaonekana ukijisokota kwenye skrini. Hata hivyo si sababu ya kumpa kila mtu dawa ya minyoo na kwenda kulala.

Kwa wapenda historia: mrija huu mkuu unaitwa mrija wa Wirsung, kwa jina la Mjerumani aliyeuona Padua, Italia, mwaka 1642 alipokuwa akipasua maiti ya mtu aliyenyongwa. Hakujua kazi yake ni nini, akawaandikia wakubwa zake kuwauliza. Mwaka uliofuata akapigwa risasi akafa. Sasa hivi kila siku tunalipima jina lake kwa milimita.

---

Kijana wa Chanika

Wakuu kuna kipimo cha damu cha kansa ya kongosho, kinaitwa CA 19-9. Si mzee apime hicho tu, aachane na mashine za gharama?

---

Sista wa Zamu

Kijana, hapana. Hicho kinapanda hata kwa mtu aliyeziba nyongo kwa jiwe la kawaida, na hata kongosho likiwaka moto bila kansa. Pia wapo watu ambao miili yao haitengenezi kitu hicho kabisa, kwa asili ya damu yao, hata wakiwa na kansa kipimo kitasoma sifuri. Daktari akikiomba pamoja na picha, sawa, hasa kwa kufuatilia matibabu. Kwenda maabara ya mtaani kukipima peke yake ni kununua hofu, au kununua faraja ya uongo. Sijui ipi mbaya zaidi.

Mjukuu: mnapokwenda CT hakikisheni fomu inasema ni kwa ajili ya kongosho. Inapigwa kwa dawa ya mshipani, vipande vyembamba, kwa awamu mbili. CT ya tumbo la jumla bila dawa inaweza kuruka uvimbe mdogo. Kabla ya hapo apime damu ya figo, kwa sababu dawa ile inatoka kwa njia ya figo. Na kama anameza metformini, dawa ya kisukari, awaambie, huenda wakaisimamisha siku mbili. Mwende na picha za zamani zote, hata ile ya vidonda vya tumbo.

---

Shina la Mti

Mnamtia hofu mtu wa watu. Dozi laki moja na nusu tu, anapona.

---

Mjukuu wa Buguruni

Shina la Mti, kaka, nikwambie ukweli. Shangazi alishanunua ya mtu mwingine kama wewe, kule karibu na stendi, bei hiyohiyo. Chupa mbili za maji meusi. Mzee kaharisha siku mbili, sukari ikashuka akaanguka bafuni. Sitaki ugomvi, ila uniache.

---

Mjukuu wa Buguruni

MREJESHO (siku 12 baadaye)

Samahani kwa ukimya. Pesa ya CT ilitafutwa, mjomba kauza mbuzi, bima ya mama ikasaidia sehemu.

Tumemwona daktari bingwa wa tumbo. Akaigeuza skrini tuone wote. Mnajua mtu akimwaga mchele sakafuni kwenye giza halafu ukamulika tochi? Kongosho la mzee lilikuwa hivyo. Punje nyeupe, nyeupe, toka kichwani mpaka mkiani, na katikati yake mrija mweusi umevimba wenye mikunjo kama mkufu wa shanga. Nyingine zimekaa ndani ya mrija wenyewe, moja kubwa kichwani, hapohapo karibu na mlango.

Daktari akachukua ile bahasha ya picha, akageuza nyuma, akachora kwa kalamu ya bluu. Huu mrija. Hili jiwe. Nyuma ya jiwe akachora mrija ukinenepa. Akaandika 7. Nikamwambia "mtaro", akacheka akasema nani amekufundisha.

Halafu akaniambia "kijana tupishe kidogo". Nikatoka. Dakika ishirini. Niliporudi macho ya mzee yalikuwa mekundu. Ninachojua ni kwamba gongo haikuwa ya "zamani". Hilo limebaki baina yao na sitalichimba.

Jina la ugonjwa ni uvimbe sugu wa kongosho, yaani kongosho kuwaka moto kwa miaka, wenye mawe. Miaka yote ya maumivu, dawa za vidonda, kisukari, kukonda, ni kitu kimoja. Kongosho limekuwa likikauka kidogo kidogo, ule upande unaotoa insulini nao ukakauka. Alichosema kuhusu kisukari kilinishtua: hiki si kile cha kawaida alichonacho shangazi. Kongosho likiharibika lote, linapoteza hata ile homoni inayopandisha sukari ikishuka, ndiyo maana mzee anaanguka haraka. Akiongezewa insulini iongezwe kwa mkono mwepesi.

Nikauliza swali la nyumbani: kwa hiyo si kansa? Akasema "sijaona kansa, lakini sijamaliza kutafuta". Kongosho lenye makovu linaweza kuficha uvimbe, na watu wenye ugonjwa huu hatari yao ya kansa iko juu kuliko wengine, na sigara inaiongeza. Anataka endoskopi yenye altrasaundi kwenye ncha, inayoingia mdomoni na kuliangalia kongosho kwa karibu kupitia ukuta wa tumbo, bila gesi kuzuia. Wakiona pa kutilia shaka wanachukua kinyama hapohapo.

---

Dogo wa Mbagala

Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Mimi nina miaka 23. Sijawahi kunywa hata bia. Nilianza maumivu hayohayo nina 16, sasa nina mawe kwenye kongosho na nachoma insulini. Kila nikienda zahanati mpya swali la kwanza ni "unakunywa gongo?" Bibi yangu alilia siku moja akidhani namficha.

---

Sista wa Zamu

Dogo pole sana, na ahsante kwa kusema. Ipo aina hiyo, ya vijana wa nchi za joto, mawe makubwa, kisukari mapema, pombe hakuna. Iliandikwa toka Indonesia mwaka 1959 na inajulikana sana Kerala kule India, Afrika pia ipo. Kuna waliolaumu mihogo, kuna waliolaumu utapiamlo, siku hizi wanaangalia na urithi wa damu. Mwambie daktari wako akuangalie na vitamini, hasa zile zinazoingia mwilini pamoja na mafuta: A, D, E na K. Nikufuate faragha tuongee?

---

Dogo wa Mbagala

Sawa dada. Ahsante.

---

Bint Kilwa

Mjukuu, na jiwe lenyewe linatolewaje?

---

Mjukuu wa Buguruni

Bint, alitupa ngazi, si jibu moja.

Ngazi ya kwanza haina kisu: sigara basi, gongo basi, dawa za maumivu kwa mpango, na vidonge vya vimeng'enya vya kongosho, vya kusaidia kusaga chakula, kila mlo.

Akiendelea kuumwa, kuna njia ya kupita kwa endoskopi mpaka kwenye ule mlango, kuupanua na kutoa jiwe au kuweka kijirija. Mawe makubwa yanaweza kupigwa kwa mawimbi toka nje kwanza yavunjike. Akatuonya kwamba njia hiyo yenyewe huwasha kongosho kwa watu kama 3 mpaka 10 katika kila 100, kwa hiyo siku hizi hawaingii kwa ajili ya kuchungulia tu. Wanaingia wakiwa na kazi ya kufanya.

Na kuna upasuaji. Hapa ndipo aliponiacha mdomo wazi. Anaupasua mrija kwa urefu kama unavyopasua mpira wa maji, anatoa mawe, halafu analeta kipande cha utumbo mdogo anakishona juu yake, maji yanamwagika humo moja kwa moja. Akasema mrija ukiwa mwembamba upasuaji huo haufanyiki vizuri, sindano haina pa kushika. Yaani ile milimita 7 iliyotutoa machozi wiki nzima ndiyo inampa yeye mahali pa kushonea.

Nilipomsimulia mama, akakaa kimya, kisha akasema "basi imefaa kitu".

---

Kipara wa Sinza

Mwambie mama nimempigia saluti.

---

Fundi Picha

Mjukuu, jambo moja la kazi. Omba CT kwenye CD au flashi, usikubali ripoti peke yake. Mwaka ujao wakipiga tena, atakayesoma atataka kuziweka pamoja. Milimita 7 iliyokuwa 7 mwaka jana ni habari moja, 7 iliyokuwa 4 ni habari nyingine kabisa. Na usiitunze juu ya friji, joto la jiko linaiharibu. Nimeshaletewa nyingi zimepinda kama kachori.

---

Mama Nasra

Ile endoskopi imefanyika mwanangu?

---

Mjukuu wa Buguruni

MREJESHO WA PILI (wiki ya sita)

Mama Nasra shikamoo. Imefanyika Jumanne. Tulitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, mzee hajala tangu jana yake, kwenye mwendokasi kashika bomba kwa mikono miwili kama mtoto. Walichukua kinyama sehemu moja kichwani iliyokuwa ngumu kuliko nyingine. Majibu yametoka jana: kovu na dalili za kongosho kuwaka moto tu, seli za kansa hazikuonekana. Daktari bado anataka picha baada ya miezi mitatu, kwa sababu sindano inaweza kukosa. Nimeiandika tarehe kwenye kalenda ya duka la Mangi, mama ameizungushia duara jekundu.

Vimeng'enya wiki ya tatu sasa. Mwanzoni alivimeza asubuhi vyote kwa mkupuo kabla ya kula, akasema havifanyi kazi. Sista wa Zamu alinisahihisha faragha: vinamezwa na chakula, kimoja tonge la kwanza, kingine katikati, vichanganyike na chakula tumboni. Tukabadilisha. Mama anasema ndoo ya maji chooni imerudi kuwa moja. Kilo amepata moja na nusu, tumempima kwenye mizani ya duka la nafaka kwa kukosa nyingine.

Sigara bado ni vita. Amefika tano kwa siku, anazivutia nyuma ya choo akidhani hatujui.

Juzi jioni kapita muuza pweza na beseni lake. Mzee akaita supu, akaketi kwenye benchi, akatoa kikopo cha vidonge mfuko wa shati, akauliza: "Hii nayo inahesabiwa mlo?"

---

Sista wa Zamu

Inahesabiwa. Mwambie ameze.